Kwenda Kulomba Makuta Yako Mwenyewe

Mgeni wa kutoka Mombasa au Dar es Salaam akifika kwetu Kolwezi, kusini mwa Congo, sokoni atapotezwa na kitenzi kimoja. Kwetu kuuza ni kununua. Kile ambacho watu wa pwani wanakiita kuuza, sisi tunakiita kuuzisha. Niliwahi kumwona dereva wa lori, Mtanzania, akimwambia mama mmoja pale Dilala kwamba anauza mchele. Mama akamjibu kwa upole kwamba yeye hana mchele, ajaribu kwa jirani. Walibishana kidogo, kila mmoja akimwona mwenzake kiziwi, mpaka kijana mmoja aliyewahi kuishi mpakani Kasumbalesa akawaamulia.

Kuuzisha, ukikisikiliza vizuri, ni kumfanya mtu anunue. Muuzaji wetu hatoi kitu akapokea pesa, yakaisha. Anamsukuma mwenzake afanye jambo. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyotutia woga wa biashara. Wafanyabiashara wa Butembo nao huuzisha, na sijasikia mtu akiwatuhumu kwamba wanaogopa soko. Lakini tangu nianze kushonea makampuni nimekuwa nikiyategea sikio maneno tunayoyatumia kwa shughuli za biashara, na mengi nayaona yamekaa kinyume. Kilicho haki yetu tunakitaja kwa maneno ya ombaomba. Kilicho wizi tunakitaja kwa maneno ya adabu.

Nimekulia Dilala. Mmoja wa mitaa ya Dilala unaitwa Biashara, jina linaloweza kumfanya mtu wa mbali adhani kwamba hapo watu wanajivunia kununua na kuuza. Utotoni mwangu neno lenye heshima lilikuwa kazi, na kazi ilikuwa na maana moja: kuandikwa na kampuni. Mwenye shamba alilima, mwenye kibanda aliuzisha, fundi wa baiskeli alitengeneza baiskeli. Wote hao, kwa kauli ya mtaa, hawakuwa na kazi. Tena kwetu kufanya kazi ni kutumika. "Baba yako eko natumika wapi?" ndilo swali la kwanza mtoto mgeni aliloulizwa uwanjani, na jibu lilikuwa jina la mgodi, la kiwanda au la karakana.

Neno hilo lilijengwa kwa muda mrefu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake kuhusu wafanyakazi. Badala ya kuwaleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ikaanza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Kampuni ilitoa nyumba, zahanati na shule, na kila juma ilitoa posho ya chakula. Watu wakasema kazi njo baba, njo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, kikatoka mwaka 2001, na katika jina la kitabu akawaita Bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao. Mtu asiyejua mambo ya huku atadhani ni habari za wanaume waliotoroka nyumbani. Baba mwenyewe ni kampuni.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku Katanga katika miaka ya 1960 kati ya wafuasi wa Jamaa, ule mwamko wa kidini uliochipuka kwa padri Placide Tempels upande wa Kolwezi, alichapisha makala mwaka 1973 kuhusu neno hilo moja, kazi, na namna wafanyakazi wanaosema Kiswahili walivyolielewa. Mwaka 1986 akatoa kitabu kuhusu Kiswahili na utawala katika Congo ya Wabelgiji. Humo utaviona vile vitabu vidogo vya msamiati walivyotungiwa wazungu, na jinsi amri zilivyochukua nafasi kubwa. Nikivifikiria, naona lugha iliyotufikia kwa mlango huo ilitufunza vizuri sana kuitika. Maneno ya kudai yalikuwapo, maana watu wa kambini hawakuwa mabubu, ila hakuna aliyekuwa na faida ya kuyafundisha.

Mama yangu alifunzwa kushona kwenye fuaye, vile vituo ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Alikuwa na mkono mzuri. Kola yake ilikaa, zipu yake haikujikunja, na gauni la komunyo la nusu ya wasichana wa mtaa wetu lilitoka kwenye cherehani yake. Lakini fuaye haikumfundisha kukata bei ya gauni. Kushona kulifundishwa kama sehemu ya kutunza nyumba, pamoja na kupiga pasi na kupanga meza, kwa hiyo alipomshonea jirani alikuwa, machoni pake mwenyewe, ameongeza tu ukubwa wa nyumba yake. Jirani alileta kuku, au kitambaa kilichobaki, au alileta asante.

Baadaye akaongeza unga wa mahindi, aliouuzisha kwa meka, kipimo chetu cha sokoni, mbele ya mlango. Baba alirudi jioni, akaona mfuko umepungua na watoto wameshiba, na mbele ya wageni akasema, "Mama eko najaribu-jaribu." Yeye mwenyewe alisema hivyohivyo. Miaka na miaka alijaribu, wala hakuna siku alipotangaza kwamba amefaulu. Shuleni, kwenye fomu, mbele ya kazi ya baba mwalimu aliandika alichoambiwa. Mbele ya kazi ya mama aliandika menajere, yaani mama wa nyumbani, bila kuinua kichwa kuuliza. Nami watoto wenzangu waliponiuliza nilijibu kama kila mtu: "Hatumike, eko nauzisha tu." Lile "tu" tulilitamka wote, hata sisi tuliokula kutokana na kile kilichotajwa nalo.

Sheria ilikubaliana na fomu. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga katika jambo la kisheria, na sharti hilo liliondoka kwa marekebisho ya Julai 2016. Mama alikuwa ameshazeeka. Nilipomsomea habari hiyo aliuliza kama sasa naye angetakiwa kumpa baba idhini. Baba alikuwa amekaa palepale, akacheka kuliko sisi wote.

Madeni ya unga aliyakusanya kwa njia moja. Jua likikaribia kuzama alinituma kwa mdaiwa na maneno haya: "Mama anakusalimia." Basi. Hakuna kiasi, hakuna tarehe. Mwanamke aliyeletewa salamu alielewa, aliingia ndani, akatoka na noti iliyokunjwa au na salamu ya kurudisha. Salamu ya kurudisha ilikuwa na maana yake pia: bado. Sijui njia yenye adabu kuliko hiyo, na kati ya wanawake wa mtaa mmoja, wanaochota maji pamoja na kuzikana, ilitosha. Sikuwa na sababu ya kuitilia shaka mpaka nilipoanza kudaiana na watu wenye maofisi.

Kisha yule baba wa wote akaugua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Shaba ya Gécamines (kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière), iliyokuwa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na mpango huo ukapewa jina la kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa na miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Hiari ya mtu wa namna hiyo ni ipi, sijui. Ila aliyelichagua jina alilichagua vizuri, kwa sababu hata leo mzee akikusimulia habari zake anasema "nilitoka mu volontere", kana kwamba ndiye aliyefunga mlango.

Miaka yote hiyo mji ulikula kutokana na mambo yasiyo kazi: meka za unga, makaa, samaki, vitumbula, nguo za mitumba, baadaye magunia ya mawe. Na bado hayakupata jina zuri. Neno biashara nalo lilikuwa limeshachafuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua za kuzinyakua biashara za wageni, zikagawiwa watu walioitwa acquéreurs. Wengi wao waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, wakafunga. Wazee wangu waliliona duka kama kitu ambacho mtu hupewa na wakubwa kisha hukila. Kwa wasio na wakubwa lilikuwapo lile fungu la 15, fungu la utani la katiba lisiloandikwa popote: jisaidie. Tukasema tunajisaidia, tunatafuta, tunajaribu. Mtu anayejisaidia hana daftari. Hana bei ya kudumu. Akidhulumiwa, hana pa kuanzia kulalamika, kwani amekwisha kusema mwenyewe kwamba si kazi.

Nilirithi cherehani ya mama. Nilishonea majirani, nikashonea kwaya, halafu nikaanza salopeti, yale mavazi ya buluu ya migodini yenye mikanda inayong'aa. Soko lilifunguka baada ya sheria namba 17/001 ya Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, iliyotaka shughuli hizo zishikwe na kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wacongo. Kolwezi zilichipuka kampuni ndogo za kila aina, za kusafirisha, kusafisha, kulinda, kupika, na kila moja ilihitaji kuwavika watu wake kabla hawajaruhusiwa kupita getini. Nikajiandikisha, nikapata namba yangu ya RCCM, yaani rejista ya biashara, kwa kuwa tangu 2012 tumo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara, na karani wa malipo hamtazami mtu asiye na namba. Kushona hakunipa shida. Kuuzisha nako hakukunipa shida kubwa. Mtu mwenye watu arobaini na tarehe ya kuanza kesho hahitaji kusukumwa.

Shida ilianza mzigo ukishapokelewa. Salopeti zimekwenda, watu wamezivaa, zimeshachafuka kwa vumbi la kobalti, na pesa haijatoka. Ile siku ya kwenda kuifuata niliiita kama kila fundi wa mji huu anavyoiita: kwenda kulomba makuta.

Kulomba ni kuomba. Makuta ni pesa. Zilikuwa senti za wakati wa Zaire, zenyewe zimekufa, jina limebaki. Ukisema unakwenda kulomba, mwili wote unafuata. Nilichagua nguo ya mtu mnyenyekevu. Nilifika mapema mno na kuketi kwenye benchi la nje hata pale ndani palipokuwa na kiti. Karani aliponiona saa tano nilianza kwa samahani ya kumsumbua. Yeye akasema dosie iko ku siniatire, nami nikamshukuru. Nikatoka bila tarehe, bila jina la anayepaswa kutia sahihi, na njiani nikajipongeza kwamba angalau hakukasirika. Kazi hiyo niliiahirisha kila nilipopata kisingizio. Ningeweza kushona kola hadi usiku wa manane, lakini faktire moja, yaani ankara, ya kurasa mbili ilikaa kwenye mfuko wangu juma zima.

Nilidhani ni woga wangu binafsi. Nikawauliza wenzangu: seremala, mpishi wa chakula cha wafanyakazi, kijana wa kuchapisha fulana. Wote walisema kulomba. Mpishi alikuwa hodari wa kugombana sokoni juu ya bei ya maharage, mtu asingethubutu kumpunja, na bado mbele ya mlango wa ofisi aligeuka binti mkwe. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria tena kuhusu ule ubaba. Kampuni ikiwa baba, mtoto hana namna ya kumdai. Baba hulombwa. Husubiriwa mpaka awe na hali nzuri. Ukimdai baba, mtaa mzima utakuuliza umelelewa na nani. Wale makarani walikuwa vijana kuliko mimi, na kampuni zao zilikuwa na umri wa miaka miwili, lakini kiti walichokikalia kilikuwa kile cha zamani, nami nilikitambua.

Aliyeniondoa hapo ni mama mudogo, mdogo wake mama. Huyu anauzisha samaki wa ziwa Nzilo, na huwakopesha wauzishaji wengine wadogo wasio na mtaji. Alinikuta asubuhi moja nimevaa ile nguo yangu ya unyenyekevu.

"Uko naenda wapi, mama?" Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yao.

"Niko naenda kulomba makuta yangu, mama mudogo."

"Yako?"

"Njo, yangu. Ya salopeti."

"Sasa unalomba nini? Mutu analomba kintu ya mwenzake."

Nikamweleza habari za sahihi na dosie. Hakuzijali. Aliniambia jinsi yeye anavyofanya, na jambo lenyewe lilikuwa rahisi hata likanikera. Kila Alhamisi, saa ileile, huzunguka. Hilo ndilo jina lake, kuzunguka. Huwapitia wote: anayedaiwa, aliyekwisha kulipa, na hata yule ambaye juma hilo hakuchukua samaki. Kwa aliyelipa husalimia, huuliza biashara, huondoka. Kwa anayedaiwa husalimia, hufungua daftari, husoma kilichoandikwa, hunyamaza. "Bakikuona tu siku uko na njala," aliniambia, "banajua uko nalomba. Bakikuona kila juma, siku ileile, banajua njo siku yako."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, na nadhani nguvu yake iko kwenye miguu. Kulomba kunasema unavyojisikia. Kuzunguka kunasema miguu inafanya nini. Ukisema unazunguka hakuna ndani yake aibu wala ushujaa. Kuna njia, na njia ina mwanzo na mwisho. Kwa kuwa ofisi zina watu wasioniuliza hali, sikuweza kuchukua neno lake lilivyo. Nikatafuta langu linalotaja mkono: kupeleka karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa na tarehe ya kupokelewa mzigo, sahihi ya aliyeupokea, idadi ya salopeti, kiasi, na siku ambayo sote tulikubaliana kwamba pesa itoke. Niliipeleka Alhamisi, iwe wanadaiwa au hawadaiwi. Kwa waliokwisha kulipa nilipeleka karatasi inayosema wamelipa. Nakiri nilifurahia nyuso zao. Mhasibu mmoja aliigeuza mara mbili akitafuta mtego.

Si kila mtu alilipa. Kampuni moja ilihama usiku na salopeti zangu, na karatasi haijui kukimbiza gari. Lakini niliacha kuketi kwenye benchi la nje. Niliuliza nani anatia sahihi na atarudi lini, nikaandika jibu mbele ya macho ya aliyelitoa. Swali lilelile, nililolionea haya nilipokuwa nalomba, likawa jambo la kawaida kwa mtu aliyeleta karatasi, kwa sababu karatasi inapaswa kumfikia fulani na mtu anapaswa kujua fulani huyo ni nani. Ile faktire haikulala tena mfukoni.

Kutaja bei ni habari nyingine, na kwangu ilichukua muda mrefu zaidi. Ukimuuliza fundi wa kwetu salopeti ni ngapi, mara nyingi atasema "utaona wewe mwenyewe", au "si tuko ndugu". Anasubiri mnunuzi aseme, ili lawama ya namba isimwangukie. Wachimbaji nao wako vivyo hivyo, tena kwa hasara kubwa kuliko yetu. Nenda Musompo, kwenye madepo ya kununua kobalti. Mchimbaji analeta gunia, mnunuzi anatoa kile kifaa cha mkononi cha kupima, ambacho kila mtu hapa anakiita metorexi, anakielekeza kwenye mawe, namba inatokea. Mashini inasema, wanasema wachimbaji. Wanalalamika kwamba inadanganya, na wana sababu zao, kwa kuwa kifaa ni cha mnunuzi na hawana chao cha kulinganisha. Lakini sikiliza wanavyolalamika: mashini ndiyo iliyosema. Mashini haikusema kitu kuhusu bei, ilisema asilimia. Bei aliisema mtu, akaiweka mdomoni mwa kifaa, na wote wawili, muuzaji na mnunuzi, wakapumua. Mimi huwaambia wasichana ninaowafunza waseme namba kwanza, halafu ndipo waseme undugu. Wanaona ni ukavu.

Sasa upande wa pili wa neno, ambao ndio unaonifanya nisiamini kwamba woga wote wa biashara ni ugonjwa. Meneja wa manunuzi wa kampuni moja ndogo alinipigia simu kuhusu komande, yaani oda, nzuri na kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tukakubaliana bei. Kisha kwa sauti ya mtu anayeulizia watoto akaniambia nisisahau operesheni returu. Maana yake ni kwamba niongeze kwenye faktire kiasi fulani, na pesa ikitoka, kile kilichoongezwa kimrudie yeye chini ya meza. Kwa vitu vidogo tunasema matabishi, tunasema ya maji, ya sukari. Yote ni maneno laini, na hakuna hata moja lenye aibu. Jambo hilo lilikuwa jepesi mdomoni kuliko kusema "mmepitisha siku ya malipo". Nilihisi uzito tumboni, na kwa mara ya kwanza neno halikuwa upande wa uzito huo. Lilikuwa linanisukuma niupuuze. Neno hilo nikalitia kwenye mtihani uleule niliojifunza kwa mama mudogo: mkono unafanya nini hapa? Mkono unaandika namba ya uongo kwenye karatasi yenye jina langu. Sikuichukua komande. Aliichukua mwingine, na sina ubaya naye, ana watoto wa kusomesha kama mimi.

Kwa sababu hiyo sina imani kubwa na wale wanaotujia na semina za kubadilisha majina. Jirani zetu wa Tanzania walianza na mama ntilie, jina lililotoka kwa mteja anayesema nitilie chakula, wakamfanya mama lishe. Machinga nao, Desemba 2018, walipewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Jina lilikuwa zuri na kadi ilikuwa na manufaa yake. Oktoba 2021, Dar es Salaam, wajasiriamali wadogo wakaambiwa waondoke kandokando ya barabara, na waliofika kuwaondoa waliwaita machinga. Wakenya waliliacha jua kali kama lilivyo. Mafundi walijiita kwa jua lililowachoma, serikali ikalichukua neno lao na kuliingiza kwenye mipango yake katika miaka ya 1980, bila kulipaka rangi. Ukiniuliza, hilo la Kenya limedumu kwa kuwa wenyewe ndio walioanza kulitumia kabla ya mtu wa semina kufika.

Mama alikufa akiwa bado anajaribu-jaribu. Baada ya mazishi tulipanga vitu vyake, na kwenye kopo la maziwa tulikuta vikaratasi vya maboksi ya sigara vyenye alama za kalamu ya risasi: mistari midogo, mingine imekatwa, kila kikaratasi na mchoro wake, kikombe, mti, mtoto. Ilituchukua jioni nzima kuelewa. Kikombe kilikuwa mama wa chai, mti ulikuwa nyumba yenye mwembe. Kwa hiyo alikuwa na daftari. Hakuwahi kuliita hivyo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuliona.

Wasichana wawili ninaowafunza sasa hawalipendi neno langu. Mmoja amesoma mambo ya biashara shuleni, naye husema rekuvrema, yaani kukusanya madeni, kwa Kifaransa chake kizuri. Ananiambia kupeleka karatasi ni usemi wa mama wa sokoni, na kwamba mlinzi wa getini akisikia rekuvrema hunyoosha mgongo na kufungua. Nilikwenda naye nione. Ni kweli, alifungua. Mimi neno hilo halinielezi mkono unafanya nini, lakini yeye analitamka bila kuinamisha macho, na hilo silo jambo la kulipigania.

Tena langu limeanza kuchakaa. Juzi kwenye korido ya kampuni moja nilimsikia karani akimnong'oneza mwenzake, "Ba karatasi banafika," kisha wote wawili wakaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Tuliketi, ndani, kwenye viti, tukasubiri mpaka wakatoka kwenda kula. Alhamisi ijayo atatangulia yule msichana na rekuvrema yake. Mimi nitabeba daftari.